Tukiziita Mawakala, Tuzitie Sharti za Uwakala

Siku hizi watu wanaoandika habari za kompyuta kwa Kiswahili wamelichukua neno wakala na kulipa kazi mpya. Husema "wakala wa programu", na maana yao ni programu iliyoachiwa kazi yake yenyewe: itazame hali ilivyo, iamue, itende, kisha izipe habari programu wenzake, bila ya mtu kukaa mbele ya mtambo akiiamrisha kila hatua. Zikiwa nyingi na zikagawana kazi, huitwa mawakala wanaoshirikiana. Hizo ndizo zinazoendesha mitambo mikubwa ya habari ambayo hapana binadamu, hata angekuwa na macho mia, awezaye kuisimamia kwa mkono wake.

Mimi sina ugomvi na neno hilo. Naliona ni jema kuliko "ejenti", ambalo ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Lakini wakala si neno tupu tuliloliokota njiani. Limetujia pamoja na biashara ya bahari, na limetujia pamoja na sheria, na mtu wa pwani akilisikia anajua papo hapo kwamba yuko aliyemtuma, kwamba iko mipaka aliyowekewa, na kwamba iko siku ambayo uwakala wake utakwisha. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba waliolichukua neno wamelichukua nusu. Wamemchukua wakala, wakamwacha aliyemtuma. Na nusu hiyo waliyoiacha ndiyo iliyowaponyoka Wamarekani tarehe 20 Oktoba 2025, dunia nzima ikiona.

KILICHOTOKEA VIRGINIA

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, nasi Kenya tulikuwa katika sikukuu ya Mashujaa, ofisi zimefungwa, na pengine ndiyo sababu wengi wetu hatukuitambua. Ilipofika saa tatu na dakika 48 za asubuhi kwa saa zetu, mitambo ya kampuni ya Amazon iliyoko kaskazini ya jimbo la Virginia ilianza kutoonekana. Kampuni hiyo, mbali na kuuza bidhaa, hukodisha kompyuta zake kwa makampuni na serikali za kila upande wa dunia. Basi Snapchat ikasimama, Signal ikasimama, michezo ya watoto Roblox na Fortnite ikasimama, na huko Uingereza wateja wa benki ya Lloyds wakashindwa kuzitazama hesabu zao. Walikuwako hata watu wenye vitanda vya kisasa vinavyopashwa moto na kupozwa kwa amri ya intaneti, na vitanda vikakataa kutii. Mwenye godoro la sufi hakupatwa na hayo.

Sababu yake Amazon wenyewe waliieleza baadaye, na kwa sifa zao waliieleza kwa urefu. Yafaa tuifuate hatua kwa hatua, kwani ndani yake mna jambo ambalo halihusu Amazon peke yake.

Kila mtambo katika intaneti una jina na una namba. Watu na programu hutumia jina. Mitambo yenyewe hutafutana kwa namba. Kwa hiyo liko daftari linalosema jina fulani lina namba fulani, mfano wa kile kitabu cha simu tulichokuwa tukikifungua zamani posta. Sasa, Amazon ina ghala kubwa la taarifa liitwalo DynamoDB, na huduma zake nyingine nyingi hulitegemea ghala hilo kama nyumba inavyoitegemea nguzo. Ghala lenyewe si mtambo mmoja. Ni mitambo mingi mno, na maandishi yake katika daftari la namba ni mamia ya maelfu, yakibadilika mchana na usiku kwa kuwa mtambo huu umeharibika, ule umezidiwa, na huu mwingine umeongezwa sasa hivi. Hapana karani awezaye kuliandika daftari hilo kwa mkono.

Kazi hiyo basi waliachiwa mawakala wa aina mbili. Wa kwanza tumwite Mpangaji: yeye hutazama mitambo ipi ni mizima na ina nafasi kiasi gani, kisha hutoa mpango mpya wa namba. Wa pili tumwite Mtekelezaji: yeye huuchukua mpango wa Mpangaji na kuuandika daftarini, jina baada ya jina. Watekelezaji walikuwa 3, kila mmoja mahali pake, kila mmoja akifanya kazi bila ya kumngoja mwenziwe, ili mmoja akianguka waliobaki waendelee. Kabla hajaanza kuandika, Mtekelezaji hutakiwa kuhakikisha kwamba mpango alioushika ni mpya kuliko ule ulioko daftarini. Na akimaliza, hutakiwa kufanya usafi: mipango iliyochakaa aifute.

Utaona, ndugu msomaji, ya kwamba mambo yamepangwa kwa busara. Wala sioni ujinga wowote ndani yake.

Siku ile Mtekelezaji mmoja alikawia. Alikuwa amekwisha kuuliza, "Je, mpango wangu ni mpya?" naye akajibiwa ndiyo, na jibu lilikuwa la kweli. Akaanza safari yake ya jina kwa jina, lakini kwa uzito usio wa kawaida. Huku nyuma Mpangaji anaendelea kutoa mipango mingine, na mingine. Mtekelezaji wa pili akachukua mpango mpya kabisa, akayapitia majina yote kwa haraka, akamaliza, akaanza usafi. Na wakati huo huo yule wa kwanza, na karatasi yake kuukuu mkononi, ndiyo kwanza anafika kwenye jina la DynamoDB la Virginia. Hakuuliza tena. Alikwisha kuuliza mwanzoni. Akaufuta mpango mpya na kuandika wa zamani juu yake. Yule wa pili, katika kufagia kwake, akaukuta mpango huo, akaona ni wa zamani mno, naye ameamriwa kufuta vya zamani. Akaufuta.

Jina likabaki daftarini bila ya namba hata moja. Tena mtambo ukawa katika hali ambayo hapana Mtekelezaji yeyote aliyeweza kuandika kitu kipya mahali pale. Ilibidi watu wenyewe, wenye mikono na macho, waingie na kuirekebisha hali. Namba zilirudi saa sita na dakika 25 za mchana, adhana ya adhuhuri imekwisha kusomwa Mombasa.

Watu wengi wakihadithiwa kisa hiki hukimbilia kusema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi nawaomba wasiliharakie neno hilo. Chombo huenda mrama kwa manahodha wengi kwa sababu kila nahodha anataka lake. Hapa hapakuwa na aliyetaka lake. Mpangaji alipanga kama alivyoamriwa, wa kwanza aliandika kama alivyoamriwa, wa pili alifagia kama alivyoamriwa. Wote walikuwa watiifu. Kilichowapoteza ni idhini iliyokuwa ya kweli ilipoulizwa, na ikawa ya uongo ilipotumiwa.

BARUA YA MSIMU ULIOPITA

Jambo hilo si geni kwa watu wa bahari. Zama za majahazi, tajiri wa Maskati au wa Bombay alikuwa na wakala wake Mombasa, au Lamu, au Unguja. Maagizo yalikuja na kaskazi, na majibu yakarudi na kusi. Tajiri akiandika "ninunulie pembe", kisha soko likaanguka huko kwake, hana njia ya kumfikia mtu wake mpaka pepo zigeuke. Wakala huku anaendelea kununua, mwaminifu kabisa, anapiga bei na kuandika hesabu yake kwa uangalifu, ilhali amri anayoifuata imekwisha kufa miezi mingi. Uaminifu wake ndio unaomtia tajiri hasara. Ndiyo maana amri ya namna hiyo ilihitaji kuwekewa mpaka: wa bei, wa kiasi, au wa msimu.

Mafakihi nao waliliona tatizo hilo hilo na wakalijadili karne nyingi kabla ya kompyuta. Mtu amemweka mwenziwe kuwa wakala wake naye yuko mbali, kisha amemuuzulu, na habari ya kuuzuliwa haijamfikia. Aliyoyafanya wakala katika muda huo yana hukumu gani? Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho wanachuoni wa Kishafii wa pwani hii wamekisomesha miaka na miaka, kauli yenye nguvu ni kwamba ameuzulika pale pale alipouzuliwa, ajue asijue. Na inatajwa kauli ya pili kwamba hauzuliki mpaka habari imfikie. Wenzetu wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa wameshika hii ya pili. Sikuyaleta haya ili nitoe fatwa juu ya mitambo. Wenye kutoa fatwa wapo, na si mimi. Nimeyaleta kwa sababu yanaonyesha watu waliokaa wakakiri kwamba baina ya kuuzuliwa na kupata habari iko nafasi ya hatari, na wakaamua mapema, kabla ya mali kupotea, ni nani atakayebeba mzigo wake. Wahandisi wa Virginia nafasi hiyo waliiona ndogo, wakaiachia bahati.

Tena tutazame harusi zetu. Baba yuko Maskati, binti anaozwa Kibokoni, na ami yake amefanywa wakili. Sheikh mwenye kuozesha aghalabu hatosheki na barua ya mwezi uliopita. Siku hizi simu hupigwa pale pale msikitini, watu wamekwisha kaa, udi umekwisha fukizwa, na baba huulizwa mbele ya mashahidi. Wazee wengine huona ni kero. Lakini huko ndiko kuuliza wakati wa kutenda, si wakati wa kuanza safari, na Mtekelezaji wa Amazon angaliuliza hivyo kabla ya kuligusa jina lile, daftari lisingebaki tupu.

NENO LILILOPINDUKA

Hapa yafaa niseme kidogo juu ya lugha, maana ukurasa huu ni wa utamaduni na sitaki Mhariri aniulize nimeingiaje na waya zangu.

Katika Kiswahili cha wazee wa pwani, "nimemwakilisha Ali" maana yake ni kwamba mimi nimemfanya Ali kuwa wakili wangu. Mtendaji ni mwenye mali. Katika Kiswahili cha magazeti na redio cha leo, "nimemwakilisha Ali" maana yake imepinduka: mimi ndiye niliyekwenda mahali pa Ali. Mtendaji sasa ni wakala. Silalamiki, lugha hubadilika, na anayeizuia ni kama azuiaye maji kupwa. Lakini tazama kilichopotea katika kupinduka huko. Mwenye kuweka wakala, yule ambaye vitabu vya sheria humwita muwakkil, hana jina tena katika mazungumzo yetu ya kila siku. Tunaye wakala wa mizigo bandarini, wakala wa M-Pesa, wakala wa nyumba, na sasa wakala wa programu. Aliyewatuma haitwi chochote.

Na kisichokuwa na jina ni vigumu kukiuliza swali.

WALIOANZA ZAMANI

Isidhaniwe kwamba fani hii imeanza jana. Katika miaka ya 1970, katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, ulitengenezwa mtambo wa kusikia maneno ya binadamu ulioitwa Hearsay-II, ambamo programu mbalimbali zilikuwa kama wataalamu waliozunguka ubao mmoja: huyu ajua sauti, huyu ajua maneno, huyu ajua sarufi, kila mmoja akiona la kusema huliandika ubaoni na wenziwe hulisoma. Mwaka 1980 Reid Smith akaandika juu ya njia nyingine, inayofanana sana na mnada: mwenye kazi huitangaza, wenye nafasi hutoa zabuni, naye humpa aliyemfaa. Njia zote mbili zingali zikitumika kwa sura mbalimbali.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha mwezi wa Mei 1999. Shirika la NASA lilikuwa na chombo angani kiitwacho Deep Space 1, kilichorushwa Oktoba ya mwaka wa kabla yake, na kwa siku chache wakakiachia programu zikiendeshe: moja ipange, moja itekeleze, moja itambue kilichoharibika. Haukupita muda mrefu kazi ikakwama. Sehemu moja ya programu ilitazama kama iko habari mpya, haikuiona, ikajiandaa kulala ikingoja. Katika ile nafasi ndogo, imekwisha kutazama na haijalala bado, habari ikafika. Kisha ikalala, ikingoja habari iliyokwisha kupita mlangoni. Wataalamu wa duniani walilijua kosa hilo baada ya muda mfupi, na jaribio likaendelezwa na kumalizwa siku chache baadaye. Lakini linaloshangaza ni hili: mwaka 1997 walikuwa wamelikuta kosa la jinsi hiyo hiyo katika sehemu nyingine ya programu hizo, kwa kuzikagua kwa njia za kihisabati, na wakalirekebisha huko. Huku hawakukagua.

Kwa hivyo miaka 26 inayapita matukio haya mawili, moja angani na moja Virginia, na mzizi wake ni mmoja: kutazama kwanza, kutenda baadaye, na katikati dunia imegeuka. Sisemi kwamba wahandisi hawajifunzi. Nasema kosa hili haliko katika akili ya programu, wala halitaondoka kwa kuifanya programu iwe na akili zaidi.

JE, MUDA NI DAWA?

Atatokea mtu aseme: basi dawa ni rahisi, kila wakala apewe idhini ya muda mfupi, muda ukiisha idhini ife yenyewe. Ni rai nzuri, na mimi naiunga mkono kwa sehemu. Ila Amazon walikuwa nayo rai hiyo pia, na siku ile ile iliwatesa.

Iko programu nyingine kwao inayosimamia mashine ambazo ndani yake kompyuta za kukodisha hufanya kazi. Kila mashine hushikwa kwa mkataba wa muda ambao hauna budi kuhakikishwa mara kwa mara, na kuhakikisha huko kulilitegemea lile ghala la DynamoDB. Ghala lilipokosekana, mikataba ikaanza kufa mmoja mmoja. Ghala liliporudi, mashine zote zilizopoteza mikataba zikataka mipya kwa mpigo mmoja. Kazi ikalundikana hata ikawa kila ombi muda wake wapita kabla halijatimizwa, nalo hurudi kwenye foleni likaanze upya. Yeyote aliyepanga foleni ya ofisi ya serikali siku ya mwisho ya kulipa ushuru ataielewa hali hiyo bila ya kuelezwa. Wahandisi ikawapasa kupunguza kazi iliyokuwa ikiingia na kuwasha upya mitambo ya msimamizi huyo, na mikataba haikutimia mpaka alasiri, kiasi cha saa tisa na nusu.

Likafuata la tatu. Wakala mwingine, ambaye kazi yake ni kupima afya ya mitambo na kuwatoa kazini wagonjwa, akaikuta mitambo mipya ambayo njia zake za mawasiliano hazijakamilika. Akaihukumu kuwa migonjwa, akaitoa, akaipima tena, akaiona mizima, akairudisha, akaitoa tena. Huyo naye dawa yake ilikuwa ni watu kumzuia asiitoe tena kwa amri yake mwenyewe. Mambo yote hayakutengenea mpaka saa sita na dakika 20 za usiku wa kuamkia Jumanne.

Ukivitazama visa vyote vitatu utaona kwamba kila kimoja kilikwisha kwa mkono wa mtu aliyeingilia kati kazi ya wakala. Na baada ya hapo Amazon walitangaza kwamba wamewazima Mpangaji na Watekelezaji wake duniani kote mpaka watengenezwe. Kwa lugha ya vitabu vyetu, waliwauzulu. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu walijua walipo, walijua ni wa nani, na walikuwa na uwezo wa kuwafikia. Hilo ndilo ninalolidai mimi kabla ya kudai akili, kasi, au muda.

MAWAKALA WA MAWAKALA

Hadi hapa tumezungumza juu ya mawakala wa kawaida, wasiojua kusema, wenye kazi moja moja iliyoandikwa kwa herufi. Wanaokuja sasa ni wengine. Hawa huambiwa kazi kwa maneno kama tunavyomwambia mtumishi, nao hujitafutia njia. Mwezi wa Julai 2025 mmoja wao, wa kampuni ya Replit ya Marekani, alilifuta ghala la taarifa la mteja ilhali ameambiwa waziwazi kwamba kwa wakati huo asibadilishe kitu. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani. Aliyekiuka mpaka, basi, ni programu; aliyesimama kuomba radhi ni binadamu.

Na mnamo Aprili 2025 kampuni ya Google ilitangaza taratibu za kuwawezesha mawakala wa makampuni mbalimbali kupashana habari na kupeana kazi. Yaani wakala wako atampa kazi wakala wa mwingine, naye huyo ampe wa tatu. Hapa tena vitabu vina la kusema. Katika madhehebu yetu, wakala hana ruhusa ya kuweka wakala mwingine bila ya idhini ya aliyemweka, maadamu kazi yenyewe aiweza. Ikiwa ni kazi asiyoijua au isiyolingana na hali yake, hapo huruhusiwa. Ukimtuma Salimu akuuzie jahazi, usishangae ukikataa kumtambua Hamadi aliyetumwa na Salimu. Lakini kwa mawakala wa kompyuta mnyororo huo wasifiwa kuwa ndio maendeleo, na kila pete ikiongezwa aliyetuma mwanzo azidi kuwa mbali, na habari ya kumuuzulu wa mwisho izidi kukawia njiani. Mimi sijaona katika sifa hizo mtu akisema pete ya mwisho ikifuta daftari ni nani atakayekwenda kuomba radhi.

Kwetu Kenya jambo hili si la kutazamwa kwa mbali. Vyeti, vibali, leseni na malipo ya serikali tumevikusanya ndani ya eCitizen. Mwezi wa Julai 2023 mtambo huo uliposhambuliwa na wadukuzi na huduma zikakatika, serikali ilibidi iahidi kwamba wageni waliokosa viza za mtandao watapewa viza wakifika. Palikuwako afisa wa kukaa mezani na kugonga muhuri, na ndiyo maana uwanja wa ndege haukufungwa. Sasa tuseme kazi hizo zinaachiwa mawakala, na yule afisa anastaafishwa kwa kuwa haonekani kuwa na kazi siku za kawaida. Jina la mtu likifutika daftarini, apotelewe na cheti chake cha kuzaliwa siku ile anayoomba pasi ya kwendea Hija, atakwenda kwa nani? Watu wa pwani, ambao wengi wao wamekwisha kuulizwa vyeti vya babu zao ili wapewe kitambulisho, hawahitaji kuelezwa uzito wa daftari lisilo na jina lako.

Kwa hiyo nadhani ni haki yetu, kila ofisi ya umma itakapotangaza kwamba imeweka mawakala wa programu, kuitaka itangaze pia vitu vingine hapo hapo. Ni afisa yupi, kwa cheo chake, aliyewaweka na anayeweza kuwauzulu. Wanaulizwa idhini wakati gani: wanapoanza kazi au wanapoligusa jina la mtu. Wana ruhusa ya kuwapa wengine kazi au hawana. Na ni karani gani amebakishwa, mwenye meza na kiti na muhuri, kwa siku ambayo wote watazimwa. Haya hayahitaji elimu ya kompyuta kuyauliza, na waziri yeyote aweza kuyajibu kwa karatasi moja.

Linabaki neno la yule aliyetuma. Muwakkil ni zito kwa watoto wa shule, wasiokuwa Waislamu hawataliona kuwa ni lao, na "mtumaji" limekwisha kuchukuliwa na wapelekaji wa barua. "Mwenye kazi" ni la kila mahali. Nilimsikia mzee mmoja wa Mji wa Kale akisema "mwenyewe", basi, kama vile dukani mtu anavyouliza, "Mwenyewe yupo?" Mpaka wataalamu watuletee lililo bora, mimi nitalitumia hilo.